Minazi Yetu, Ardhi ya Wenyewe

Rumande ya Wanawake, upande wa Kisauni
11 Februari 2024

Mwanangu Velma,

Salamu nyingi kutoka kwa shangazi yako. Mimi ni mzima, goti tu linanisumbua asubuhi kwa sababu ya sakafu. Natumai baridi ya Maralal haijakumaliza na hao watoto unaowafundisha wanakusikiliza. Ndugu yako Lewa alikuja juzi kuniona, ameota ndevu ambazo hazimkai. Mchungaji ameniletea sabuni. Kuku wangu anawalisha Mama Dama jirani, na najua mayai anakula yeye, namwacha. Humu hatupewi simu, ndiyo maana naandika. Barua inasomwa na askari kabla haijatoka, kwa hiyo askari, habari yako.

Sasa sikia, maana Lewa lazima amekueleza nusunusu. Nimeshtakiwa wizi wa nazi. Mimi Jumwa wa Charo, mwenye minazi, nimeiba nazi.

Ilikuwa hivi. Nilikwenda shambani karibu na Shelly Beach kama ninavyokwenda kila nazi zikikomaa. Unalijua shamba lenyewe: ardhi ya wenyewe, minazi yetu. Babu yako Charo aliipanda yote kwa ruhusa ya mwenye ardhi wa zamani, na huku kwetu hakuna mtoto asiyejua kwamba udongo unaweza kuwa wa mtu huyu na mnazi uliosimama juu yake ukawa wa mtu yule. Mwenye ardhi alipokufa, mwanawe akamuuzia tajiri mmoja wa bara anayeitwa Justus, naye akajenga nyumba za wageni na ukuta kuzunguka. Sawa, amenunua udongo. Habari ya minazi hakuja kuniuliza.

Nikaenda saa sita mchana, jua la utosi, pamoja na Kiponda mkwezi wetu na mkokoteni. Mlinzi alikuwa mgeni, kijana anaitwa Brandon. Nikamsalimu, akaniambia "poa mathe", nikaingia. Kiponda akapanda huku anaimba kama kawaida yake, sauti ya kuamsha mtaa. Tulipojaza mkokoteni ndipo Brandon akaniuliza nimetumwa na nani. Nikamwambia, na baba yangu. Akauliza baba yako yuko wapi, nikamwambia amekufa. Kumbe ndiyo nilikuwa najichongea. Akaita polisi.

Kiponda aliingiwa na hofu, siku ya kwanza kortini akakubali kosa, akapewa kazi ya kufagia ofisi ya chifu. Mimi nilikataa. Hakimu akanipa dhamana, nilete mtu mwenye hati ya ardhi. Velma, tuliutafuta ukoo mzima, hati hata moja hatukuipata. Tuna minazi, hatuna udongo. Lewa akataka kuuza pikipiki alete pesa taslimu, nikamwambia akithubutu asinijie tena hapa, pikipiki ndiyo inayomlisha. Basi nikabaki.

Lakini si hayo yaliyonifanya nishike kalamu. Humu kuna mama anaitwa Margret, mwenye kesi yake ya siku nyingi. Amefunzwa sheria na watu wanaokuja kuwasaidia wasio na wakili. Alinisomea kifungu kimoja, cha nane, katika sheria ya makosa ya jinai. Kinasema mtu akichukua kitu kwa kuamini kwa dhati kwamba ana haki nacho, bila nia ya kulaghai, hana kosa. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamuuliza, hata kama amekosea? Akasema hata kama amekosea, mradi aliamini kweli. Mwanangu, nilikaa chini. Umri wangu wote nimedhani serikali inatazama mikono tu, umeshika nini. Kumbe kuna mtu, sijui nani, alikaa akaandika kwamba korti iulize na moyo. Nilidhani ni Mungu peke yake anayeuliza hivyo.

Nataka uje likizo ya Aprili, usimame kortini useme minazi ni yetu. Wewe ndiye uliyekuwa ukimfuata baba yako mle shambani. Mweri angekuwa hai nisingekusumbua, angesimama mwenyewe kwa ajili ya dada yake.

Shangazi yako,
Jumwa


Maralal
10 Machi 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako Lewa aliitia posta, ikachelewa sana njiani, imenifikia juzi. Nimeisoma nikalia, nikacheka pale pa Brandon, kisha nikalia tena. Mimi sijambo. Nimeongezewa darasa la saba kwa sababu mwalimu mwenzangu amekwenda kujifungua. Nimemtumia Lewa soksi na dawa ya kuchua goti akuletee. Tafadhali uzivae hizo soksi, usizigawe.

Shangazi, usinikasirikie kwa hili. Nimezungumza na Lewa na mchungaji. Wote wanaona afadhali ufanye kama Kiponda. Kwa umri wako, na kwa kuwa hujawahi kushtakiwa, hakimu atakuonya na kukuachilia, na utalala kwako. Mimi pia naona hivyo. Lewa ana wazo lake jingine, eti useme hukuwepo siku ile, ulikuwa kwa Mama Dama. Hilo silikubali. Nakwambia mimi ili lisikushtue akikuambia yeye.

Hicho kifungu nimekitafuta nikakisoma. Ni kweli kipo, na ni maneno machache sana, hayajazi hata kiganja. Nimekaa nacho jioni nzima. Lakini kinataka imani iwe ya kweli. Kwa hiyo nakuomba, usiulizeulize watu habari za zamani za shamba lile. Kaa na unachokijua.

Kuhusu kuja kusimama kortini, sijui kama nitapata nafasi. Na mimi nilikuwa mtoto, Shangazi. Mtoto hajui mambo ya minazi.

Mwanao,
Velma


Rumande ya Wanawake
2 Aprili 2024

Mwanangu Velma,

Marahaba. Soksi zimefika, moja nimevaa na moja nimegawa, maana goti linalouma ni moja. Lewa naye siku hizi anakwenda kanisani bila kusukumwa. Kuna binti kwenye kwaya anaitwa Fancy, ndiye aliyemwokoa.

Sasa nikugombeze. Unajua kukubali kosa ni kusema nini? Ni kusema nilijua si yangu nikachukua. Mimi sikujua hivyo. Unataka nimdanganye hakimu ili anihurumie? Na nikiwa mimi mwizi, babu yako Charo atakuwa nani? Na kina mama wote wa Likoni wenye minazi kwenye ardhi za wenyewe, kesho wakifungiwa lango wataambiwa, kumbukeni Jumwa alikubali. Nitatoka hapa nikiwa huru, lakini kanisani nitakaa benchi gani?

Huyo Lewa mwambie sitaki kulisikia lake. Kiponda aliimba mtaa mzima ukasikia, halafu mimi nilikuwa kwa Mama Dama nakula mayai yangu mwenyewe.

Velma, laiti ungekuwepo jioni Margret anapotufundisha. Tuko wengi humu wenye kesi za wizi na kila mmoja aliingia na neno hilo hilo moja. Kuna msichana aliyebeba simu ya mwenzake akidhani ni yake, zinafanana. Kuna aliyepewa nguo na mwajiri wake, kisha mwajiri akakana. Kuna aliyeokota mkoba sokoni. Kuna aliyechukua unga kwa njaa. Margret anatuweka mmoja mmoja, na kwa kila mmoja sheria ina swali lake. Huyu inamuuliza, ulidhani ni ya nani? Yule, ulipewa na mwenyewe? Yule mwingine, ulimtafuta mwenye mali? Wa unga ndiye niliyemwonea huruma. Njaa haimwondolei kosa, inampunguzia adhabu tu. Alilia na mimi nikalia naye. Lakini hata yeye alisema hajawahi kuulizwa kitu na mtu yeyote tangu akamatwe, na sasa ameulizwa. Mimi nilikuwa nasikiliza mdomo wazi. Nilidhani wizi ni wizi.

Nikamuuliza Margret, moyo wanauonaje, wataupasua? Akasema wanatazama ulivyofanya. Ilikuwa mchana au usiku, wazi au kwa kificho, ulipoulizwa ulijibu au ulitoka mbio. Nikacheka mpaka askari akaja kutazama. Saa sita mchana, mkokoteni, na Kiponda anaimba.

Lakini umeniambia nisiulizeulize. Neno hilo limenikaa vibaya. Njoo likizo hii unieleze uso kwa uso.

Shangazi yako,
Jumwa


Maralal
14 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Naomba radhi sikuja. Mvua zilikata barabara, na hata shule zilichelewa kufunguliwa, lazima umesikia. Natumai huko kwenu hakukuvuja. Nimefurahi kusikia habari ya Fancy, mwambie Lewa anyoe ndevu.

Kuhusu shamba sina la kuongeza. Kuna mambo mengine ni heri mtu ayajue kesi ikiisha. Nakuomba hilo kwa jina la marehemu baba.

Velma


Rumande ya Wanawake
2 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba. Kulivuja, tulisogea upande mmoja, ikapita. Mimi sijambo.

Barabara ilikatika, sawa. Lakini Lewa ameniambia ulifika Nairobi, ukakaa kwa rafiki yako likizo yote. Sikukasirika. Nilifikiri tu.

Kesi imeanza kusikizwa. Justus ametoa ushahidi wake, bwana mpole kuliko nilivyotaka awe. Amesema alinunua shamba na kila kilichomo. Mwendesha mashtaka akamwambia hakimu kwamba atamleta mtoto wa mwenye ardhi wa zamani, aje aseme kwamba minazi iliuzwa kitambo, na aliyeiuza ni Mweri, kaka yangu. Nikasimama nikasema ni uongo. Hakimu akaniambia, mama keti, zamu yako inakuja. Nikaketi. Kwenye gari la kurudi rumande ndipo nikalikumbuka neno lako, kaa na unachokijua.

Velma, mimi nimekufunga nepi. Unaponyamaza nakusikia. Unaogopa nikijua, ile imani yangu itaharibika na nitafungwa. Hata mimi niliogopa. Nilikaa siku nyingi namkwepa Margret nisimuulize. Mwishowe nikamuuliza. Akasema sheria haiulizi unaamini nini leo. Inauliza siku ile, saa ile, Kiponda alipokuwa juu ya mnazi. Kama wakati ule niliamini, basi niliamini, hakuna awezaye kurudi nyuma akaiondoa. Unaelewa maana yake? Siku moja ya maisha yangu imewekwa vile vile ilivyokuwa, na hata mimi mwenyewe siwezi kuigusa. Nimezaliwa, nimebatizwa, nimezika mume, sijawahi kusikia jambo kubwa kama hilo.

Kwa hiyo usiniogopee. Niambie. Baba yako aliuza minazi?

Shangazi yako


Maralal
30 Juni 2024

Shikamoo Shangazi,

Leo sina salamu nyingi.

Aliuza. Ilikuwa Januari, mwaka nilioitwa kidato cha kwanza. Alinichukua shambani, nadhani alitaka nione. Alikuwepo mwenye ardhi wa zamani na wazee wawili mashahidi. Baba alitembea mnazi kwa mnazi. Kila mmoja aliupiga kwa kiganja akasema, "Huu nimekupa," na mwenye ardhi akaushika naye akasema, "Nimeupokea." Hakuna kilichoandikwa. Walikwenda hivyo mpaka mnazi wa mwisho, nami nafuata nyuma. Kisha baba akatoa sharti moja. Akasema, "Dada yangu aendelee kuangua mpaka siku nitakayokufa." Mwenye ardhi akacheka akakubali. Nazi hazikumhusu, alichotaka ni udongo wake usiwe na mtu mwingine juu yake.

Wiki ile ile nikapanda basi la shule na sanduku jipya. Nimesoma kwa minazi yako, Shangazi. Ndiyo maana kila ulipowaambia watu kanisani kwamba Velma wetu ni mwalimu, mimi nilikuwa natazama viatu.

Baba alipofariki mwaka juzi sharti likaisha, na wewe hukujua kwamba lilikuwepo. Nilishindwa kukueleza kwa sababu ungemchukia akiwa kaburini, hana mdomo wa kujitetea.

Sasa nisikilize. Usiseme haya kortini. Mwenye ardhi amekufa, wale wazee wawili wamekufa. Huyo mwanawe wakati ule alikuwa ng'ambo, alihadithiwa tu, na ushahidi wa kuhadithiwa korti haiupokei. Aliyeona kwa macho nimebaki mimi peke yangu, na mimi sitakuja. Ukinyamaza utatoka huru, na minazi itabaki yako.

Velma


Likoni
18 Agosti 2024

Mwanangu Velma,

Naandika nikiwa kwangu, kwenye kiti changu, mlango wazi. Lewa amenipa simu nikupigie, nikakataa, haya siyawezi kwa simu. Kuku wamebaki wachache na Mama Dama amenenepa. Fancy alikuja kunipikia, wali wake una chumvi nyingi lakini ana adabu. Namshukuru Mungu.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Hakimu ni mwanamke, umri wako hivi, sauti ndogo, ukumbi wote unatulia ili umsikie. Kwanza aliitwa Brandon. Mwendesha mashtaka akamuuliza kama nilijificha. Akasema, "Hapana, alinisalimia vizuri, na akaniachia dafu." Akaulizwa dafu liko wapi, akasema, "Nilikunywa." Watu wakacheka, hata hakimu aliinamisha uso.

Kisha wakaleta vielelezo. Unajua zile nazi zilikaa stoo ya polisi tangu Januari. Askari akaburuta magunia mpaka mbele, akayafungua. Velma, zilikuwa zimechipua. Majani ya kijani kibichi yamechomoza, mengine marefu kama mkono. Kwenye giza, bila maji, bila udongo, na zimeshtakiwa. Mwendesha mashtaka alishika karatasi yake imeandikwa nazi, na mbele yake pana minazi. Hakimu aliondoa miwani akatazama, akairudisha akatazama tena, akasema iandikwe kwamba vielelezo vimeonekana. Mimi nilisema kimya kimya, Baba Charo, wewe ni mtu wa aina gani.

Mtoto wa mwenye ardhi naye akaja, akaanza "baba yangu aliniambia". Hakimu akamkatiza kama ulivyosema. Hakuona kwa macho, hayaandikwi. Akaambiwa ashuke. Lewa akanikonyeza. Kesi ilikuwa imekwisha, mwanangu, nililijua hilo. Margret alikuwa amenifundisha kwamba mshtakiwa ana haki ya kukaa kimya na asihukumiwe kwa kimya chake. Ningeketi tu.

Zamu yangu ikafika, nikasimama nikashika Biblia. Nikasema siku ile niliingia kuangua nazi za baba yangu na sikuwa na wazo jingine kichwani. Kisha nikasema, lakini leo najua kaka yangu aliiuza yote, mnazi kwa mnazi, kwa kiganja. Nimeambiwa na mtu aliyeona na simtaji jina. Minazi ni ya yule bwana pale. Nikamnyooshea mkono Justus.

Najua ulinikataza. Najua umeinama sasa umeshika kichwa. Lakini ningefanyaje, Velma? Nilikuwa nawaomba waamini kilichokuwa moyoni mwangu Januari. Ningewaombaje hivyo, na moyo huo huo Agosti una uongo ndani? Lewa alikuwa ameshika kichwa kama wewe. Mwendesha mashtaka hakuwa na swali hata moja. Hakimu aliacha kuandika, akaniuliza kama ninaelewa nilichosema. Nikasema naelewa, nimepoteza minazi. Akasema keti, mama.

Alitupa tarehe ya hukumu, nikarudi rumande. Nilipoletwa tena alisoma kurasa kadhaa, mengi ya Kiingereza, karani ananitafsiria. Mwisho akaweka karatasi chini akasema kwa Kiswahili mwenyewe. Alisema mtu anayesema kweli mahali ambapo kweli inamgharimu, korti hii haina sababu ya kutomwamini anaposema aliamini. Hana hatia. Nilishika ukuta wa kizimba. Mimi sina hati ya kitu chochote duniani, Velma. Nilikuwa na neno langu tu, na serikali nzima ililipokea ikasema linatosha.

Akaamuru vielelezo apewe mwenyewe. Justus hakujua hata aishike vipi ile miche. Nilimwonyesha, unabeba kwa nazi, hushiki jani. Akaniambia asante. Akaondoka na minazi yangu kwenye gari lake na mimi nikapanda feri kuja Likoni.

Hiyo nimeshaililia nimemaliza. Limebaki jingine, na ndilo lililonikalisha hapa. Tangu barua yako ya Juni nina hasira na baba yako. Kaburi lake nyuma ya kanisa limeota majani, na nikipita nageuza uso. Aliuza jasho la baba yetu bila kuniambia. Mchungaji ananiambia nisamehe. Siwezi, kwa sababu sijui nasamehe nini. Mimi niliulizwa kabla ya kuhukumiwa, na yeye nataka aulizwe. Hayupo, lakini shahidi yupo.

Basi nijibu. Alipokuwa akiipiga ile minazi, aliamini ni yake kuiuza? Ilikuwa mchana au usiku? Wazi au kwa kificho? Jibu kweli, hata kama ni mbaya.

Shangazi yako,
Jumwa


Maralal
5 Septemba 2024

Shikamoo Shangazi,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, sikuweza kukaa. Nina miaka karibu kumi nawafundisha watoto waseme ukweli, na sijawahi kuwaona watu wakiusema namna hiyo. Nakuogopa kidogo sasa, kwa wema.

Nakujibu ulichouliza. Ilikuwa mchana. Baba alisema kwa sauti, watu waliokuwa wakipita kwenda ufuoni, wasiotujua, walisikia, wengine wakasimama kutazama. Mmoja wa wale wazee mashahidi alimuuliza, "Na Jumwa je?" Baba akajibu, "Mimi ndiye mkubwa. Alichoacha baba kiko mikononi mwangu." Hilo aliliamini, Shangazi. Nilimwona usoni, hakumeza mate.

Lakini umesema nijibu kweli. Tulipokuwa tunarudi nyumbani alinishika mkono akaniambia, "Shangazi yako asijue." Siku ya safari alinirudia tena, mbele ya basi. Kwa hiyo mbele ya watu wote hakujificha, ila kwako wewe alijificha. Sijui sheria inaliitaje hilo, na nimeogopa kutafuta.

Desemba nikija, utanipokea?

Velma


Likoni
22 Septemba 2024

Mwanangu Velma,

Marahaba. Goti limepoa. Lewa amenyoa ndevu, ameonekana ana kidevu cha babu yako.

Barua yako nimeisomea kaburini kwa Mweri, kwa sauti, tangu salamu mpaka mwisho. Mshtakiwa ana haki ya kusikia ushahidi. Mama Dama alipita akadhani nimerukwa na akili.

Pale penye "shangazi yako asijue" nilikaa chini. Hapo ndipo palikuwa na kesi. Nikamfikiria Mweri tangu tukiwa wadogo. Yeye ndiye mkubwa, lakini mwenye mkono mzito nilikuwa mimi, na akivunja chungu alikuwa ananikimbia mimi, hamkimbii mama. Nikafikiri na lile sharti lake. Mtu anauza, bado bei iko mdomoni, anamkumbuka dada yake na kumwombea aendelee kuangua. Mimi sijasikia mwizi anayemwombea aliyemwibia. Huyo hakuwa ananiibia, alikuwa ananiogopa. Kumwogopa Jumwa si kosa la jinai.

Nimemwachilia. Nilisema kwa Kiswahili, aelewe: Mweri, huna hatia, nenda. Kisha nikalia kilio ambacho sikukilia siku tuliyomzika, nikang'oa majani yote kwa mkono.

Swali lako la Desemba si la kuuliza. Njoo.

Jumwa